Barua ya Daktari na Hatima ya Mwanafunzi Mgonjwa

Mwanafunzi wa chuo anapougua katikati ya muhula, ndugu na matabibu huuliza kwanza: atapona lini? Swali hilo ni la lazima, lakini halitoshi. Lipo la pili ambalo aghalabu huulizwa kwa kuchelewa: masomo yake ameyaacha katika hali gani?

Chukulia kijana wa mwaka wa pili anayegundulika kuwa na kifua kikuu wiki chache kabla ya mitihani. Matibabu yake ya kawaida ni ya miezi 6: miwili ya dawa nne, kisha minne ya dawa mbili. Amedhoofika, na wazazi wanamchukua nyumbani. Anameza dawa kila siku bila kukosa, makohozi yanapimwa kwa wakati, na hatimaye anatangazwa kuwa amepona. Anaporejea chuoni anaambiwa kwamba hakufanya mitihani, hakuomba ruhusa, na kwa hiyo amehesabiwa kuwa ameyatoroka masomo. Katika miezi yote hiyo hakuna aliyeandika barua.

Kanuni za vyuo hutofautiana, lakini karibu zote hutenganisha mambo mawili. Kuahirisha masomo ni kuondoka kwa ruhusa ya maandishi, kwa sababu inayothibitishwa, na nafasi ya mwanafunzi hubaki ikimngoja kwa muda uliowekwa. Kuondoka kimyakimya ni jambo jingine: mtihani usiofanywa bila ruhusa huweza kuhesabiwa kuwa umefeliwa, na mwanafunzi akafutiwa usajili. Kwa anayesoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, deni la miaka aliyokwisha kusoma hubaki palepale, hata kama shahada haikupatikana.

Wengine watasema kwamba mwanafunzi ni mtu mzima na mambo hayo ayafuatilie mwenyewe. Hoja hiyo ina ukweli kwa aliyevunjika mguu, lakini si kwa kila mgonjwa. Maradhi mengi ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 25, yaani katika miaka ileile ya chuo. Mwenye sonona kali hukosa nguvu ya kuoga, sembuse ya kuzunguka kutoka kwa mkuu wa idara hadi kwa msajili. Yupo pia anayenyamaza kwa aibu, akihofia wazazi au maneno ya wenzake bwenini. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa mwanafunzi, mara nyingi matokeo ya mitihani hutangulia kumuumbua.

Kwa sababu hiyo, barua kwa chuo ihesabiwe kuwa sehemu ya tiba. Mhudumu wa afya anayemwona kijana wa chuo amwulize mapema kama yuko katikati ya muhula na mitihani ni lini. Kama mapumziko yanahitajika, aandike tarehe aliyomwona mgonjwa, kama anaweza kuhudhuria masomo na kufanya mitihani, na muda unaokadiriwa wa matibabu. Jina la ugonjwa si lazima litajwe, na lisitajwe bila ridhaa ya mgonjwa. Barua hiyo iandikwe kabla ya mitihani, kwa kuwa vyuo vingi havipokei maelezo ya ugonjwa baada ya mwanafunzi kuufanya mtihani na kuufeli.

Ipo hofu kwamba wavivu watazitumia barua hizo kukimbia mitihani. Dawa yake ni uaminifu: tabibu aandike alichokiona tu, wala asirudishe tarehe nyuma ili kumfurahisha mtu. Barua ya uongo humharibia mgonjwa wa kweli anayekuja kesho.

Wala si kila ugonjwa unaodai kuondoka. Mgonjwa wa kifua kikuu kisicho sugu, akitumia dawa sahihi, kwa kawaida hupunguza sana uwezo wa kuambukiza ndani ya wiki chache, na akipata nguvu anaweza kurudi darasani huku akiendelea na dawa. Mwenye sonona huenda akaumizwa zaidi na upweke wa nyumbani kuliko ratiba iliyopunguzwa makali. Uamuzi hauna budi kufanywa na mgonjwa pamoja na tabibu wake na mshauri wa wanafunzi, si kwa hofu ya siku moja.

Familia nayo ina wajibu. Kabla ya kumpakia mgonjwa kwenye basi la kurudi nyumbani, mtu mmoja afike ofisi ya mshauri wa wanafunzi, apeleke barua, aulize tarehe ya kurejea, na abaki na nakala yenye mhuri wa mapokezi. Ni kazi ya asubuhi moja; asipoifanya mtu, kijana aliyepona huweza kukuta hana tena mahali pa kurudi.