Lumbesa ni Wizi, na Chipo Yako Imo Ndani

Mnakumbuka Januari 2022? KFC iliishiwa na chipo hapa Kenya, tukaambiwa viazi vyao vinatoka ng'ambo na mzigo umechelewa. Manze, mtandao uliwaka. Watu ambao hawajawahi kushika jembe wakageuka mawakili wa mkulima usiku mmoja. Nilikuwa mmoja wao, simu mkononi, naitetea Nyandarua kama nimezaliwa ndani ya mtaro wa viazi. Na tulikuwa na haki ya kukasirika. Lakini hasira ikapoa, tukarudi kibandani kula chipo ya viazi vilivyotoka shambani kwa lumbesa. Hapo hakuna aliyepiga kelele.

Shosho wangu analima viazi huko upande wa Ol Kalou. Agosti nilikuwa kwake broka akaja na lori. Shilingi 2,500 kwa gunia. Ukiskia hivyo unaona si mbaya. Sasa tazama gunia lenyewe. Linajazwa hadi mdomoni, halafu linashonewa kipande cha neti kwa juu, na viazi vinaendelea kupangwa ndani ya hiyo neti mpaka gunia linaota mabega na kichwa. Bei haisongi hata shilingi. "Gunia ni gunia," ndivyo jamaa anavyosema.

Nikaazima mizani ya kutundika kwa jirani, tukamwaga gunia moja na kulipima ndoo kwa ndoo. Broka akachemka, ati namharibia wakati. Kilo 128. Bei walikuwa wamepatana kwa gunia la kilo 90. Hizo 38 za juu zililipwa na nani? Shosho aliuza magunia kumi siku hiyo. Kama mengine yalikuwa kama lile tulilopima, kilo 380 zilipanda lori bure, na kwa bei ya broka mwenyewe hiyo ni zaidi ya shilingi 10,000. Hata hiyo 90 ni mazoea tu. Kanuni za viazi za 2019, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazao ya 2013, zinataka gunia lisizidi kilo 50.

Najua mtaniuliza: si akatae kuuza? Wasee, akatae aende wapi? Analima shangi, ile aina ambayo watu wa chipo wanapenda na ambayo inakomaa haraka. Ubaya wake ni kwamba ikishavunwa haikawii kuota machipukizi. Hana stoo ya baridi. Broka anajua. Anachohitaji kufanya ni kuwasha lori na kusema anaenda kwa jirani.

Na ile elfu kumi haikuwa ya shosho peke yake. Pesa ya viazi hailali. Asubuhi inaenda kwa agrovet alikokopa mbolea, mchana kwa vijana waliochimba, jioni kwa chama, na inayobaki ni karo ya binamu yangu aliye shule ya bweni. Msimu ukilipa, fundi wa nguo pale senta anashona mpaka usiku na watu wa boda hawana nafasi ya kupiga stori. Msimu ule, binamu yangu alirudishwa nyumbani wiki mbili kwa sababu ya karo. Kwa hivyo mkisema lumbesa ni "biashara tu", mimi naona kiti kitupu darasani.

Broka naye ana shida zake, sitakataa. Barabara zikinyesha ni matope, dizeli ni ghali, na kila mahali kuna mkono umenyooshwa. Basi apunguze bei ya gunia waziwazi, wabishane hapo shambani, kila mtu ajue ameuza nini. Kuficha gharama zako ndani ya neti ni kumwibia mwanamke mzee huku ukimwita "mathe".

Kinachoniudhi zaidi ni serikali za kaunti. Nguvu za kumfukuza mama mboga aliyetandaza nyanya kando ya barabara zipo. Lakini lori lenye lumbesa zinazoonekana kutoka mbali likishalipa ushuru, linafunguliwa kizuizi. Hiyo sheria inahitaji uchunguzi gani? Neti iko juu, inaning'inia!

Halafu sisi wa mjini. Viazi ni chakula cha pili baada ya mahindi nchini, lakini kwetu vinaanzia kwenye karai la mafuta. Hatumuoni kijana anayemenya tangu alfajiri, wala yule mbeba mizigo wa Marikiti anayetoa hiyo lumbesa kwa lori na mgongo wake mwenyewe. Huyo hata kwenye hasira zetu za 2022 hakutajwa.

Nilimuuliza mama wa chipo wa mtaani kwetu kama angenunua gunia la kilo 50. Akacheka, akasema angefurahi, kwa sababu hata yeye huwa hajui amenunua kilo ngapi. Kwa hivyo muulize wako pia, kabla hujaitisha ya hamsini na tomato nyingi.

Shosho anavuna tena mwezi wa saba. Mizani nimeshanunua, na safari hii siazimi ya mtu.