Nyumba ya Mwanafunzi: Mtihani wa Kemia



Mama mmoja wa hapa Ngana aliniuliza baada ya ibada: "Mwalimu, binti yangu yu kidato cha nne. Asema kemia ni elimu ya watu wa mbali, haina kazi kwetu, naye ataka kuiacha. Mimi sikusoma. Nimsaidieje?" Swali hili si la mama huyo peke yake, kwa hiyo nalijibu mbele ya watu wote.

Kila nyumba yenye miti ya kakao ina kemia uani. Tukipasua maganda na kuzifunika mbegu mbichi kwa majani ya migomba, ule ute mweupe una sukari ndani yake. Hamira huigeuza sukari kuwa kileo. Kisha vijidudu vingine, vikipata hewa, hukigeuza kileo kuwa tindikali, ndiyo ile ile iliyomo katika siki. Kwa sababu hiyo lundo hunuka siki, nasi huligeuza ili hewa iingie. Ukitia mkono siku ya tatu waona moto, maana mabadiliko hayo hutoa joto, hata kufika nyuzi 45 na zaidi. Binti huyu amegeuza lundo tangu utoto wake. Tena mafuta ya mawese yakichemshwa pamoja na alikali hutoka sabuni. Atasemaje kwamba haimhusu?

Basi, mama, usiogope kwamba hukusoma. Jioni mwambie, "Nieleze kwa nini lundo lapata moto." Aeleze kwa Kinyakyusa au kwa Kiswahili, nawe umsikilize na kumwuliza mpaka uelewe. Usipoelewa, huenda yeye naye hajaelewa, hata kama amekariri ukurasa mzima. Akiisha kueleza vema, ndipo ayaandike yale yale kwa Kiingereza, kwa kuwa mtihani huandikwa kwa lugha hiyo. Wengi huanguka hapo: wamekariri maneno mageni pasipo maana, na swali likigeuzwa kidogo hawana pa kushika.

Mtihani wa kidato cha nne hutungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, nao hufanywa Novemba. Katika kemia iko karatasi ya nadharia na iko ya vitendo. Hii ya pili ndiyo itishayo, maana penye vifaa vichache mtoto huenda akashika bureti mara mbili tatu tu kabla ya siku yenyewe. Walimu, nawasihi, msiingoje Oktoba. Kila mwanafunzi aishike kwa mkono wake mwenyewe, wala si kumtazama mwenzake. Asome kipimo macho yakiwa sawa na maji, penye sehemu ya chini ya mbonyeo wake. Rangi ikikaribia kugeuka, atoe tindikali tone kwa tone. Kisha arudie mpaka vipimo vikaribiane. Na aandike alichokiona, si kile alichoambiwa na jirani kwamba kitaonekana.

Mahali pasipo na vifaa, maua makavu ya rosela yatatusaidia. Yachemshwe, maji yake yatiwe katika vikombe viwili. Ukitia ndimu katika kimoja, wekundu huzidi. Ukitia maji ya majivu yaliyochujwa katika cha pili, rangi hugeuka kuelekea kijani. Hiyo ndiyo kazi ya kiashiria. Lakini maji ya betri na sodo ya kutengenezea sabuni yasichezewe nyumbani; huunguza ngozi na kupofusha macho.

Sasa niseme na akina baba, ijapokuwa hawakuniuliza. Mvulana akishika kitabu, nyumba nzima hunyamaza. Msichana akishika kitabu huitwa: maji, kuni, mtoto analia, wageni wamefika. Saa nne za usiku ndipo akaapo kitako, naye amekwisha choka. Kisha matokeo yakija twasema wasichana hawawezi kemia! Huo si uamuzi wa haki. Kaka zake wana mikono, na kisima hakichagui mchotaji. Apewe saa mbili kabla ya usiku kuingia sana, kila siku, toka sasa.

Tena wako watu wanaouza karatasi kwa siri, wakisema ni mtihani uliovuja. Baba, usitoe hata shilingi moja. Zikiwa za uongo, umeibiwa. Zikiwa za kweli, umeshiriki wizi, na Baraza hufuta matokeo ya mdanganyifu, kazi ya miaka minne ikapotea.

Mama yule aliuliza pia kama binti afunge siku ya mtihani. La, ale uji ashibe. Kazi ya maabara ni ya kusimama, na mkono wa mwenye njaa hutetemeka penye bureti. Sisi tusiofanya mtihani ndio tutakaofunga kwa ajili yake.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutatazama hesabu za moli.