Ndege inakufikisha Casablanca, uwanjani utafikaje?

MUHEZA, Tanga

UKITAKA kujua shabiki wa Muheza anavyohangaika kuifuata timu yake, anza na Mei 25, 2025. Siku hiyo Simba ilirudiana na RS Berkane kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mechi haikupigwa Kwa Mkapa, ilipelekwa Amaan, Zanzibar. Mtu wa Muheza alitakiwa kupanda basi, apite Segera, Chalinze hadi Dar, halafu atafute boti. Na hiyo ilikuwa mechi ya nyumbani!

Siku nane kabla, Simba ilikuwa Berkane kwenyewe, ikalala 2-0. Matokeo ya Amaan yalikuwa 1-1 na kombe likaondoka. Miaka miwili nyuma Yanga nayo iliyaonja. Ilifungwa 2-1 na USM Alger jijini Dar, ikaenda Algiers na kushinda 1-0, lakini ikalikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Mara zote mbili, huko Kaskazini jukwaa lilikuwa la wenyeji.

Wengi wanasema tatizo ni nauli ya ndege. Ni kweli ndege ni mzigo mzito, maana kutoka Dar hakuna inayokwenda Moroko moja kwa moja. Unaunganisha Cairo, Istanbul, Doha au Dubai. Lakini nauli hiyo unaijua kabla hujaondoka. Kinachomkwamisha mgeni ni kile asichokijua: namna ya kutoka uwanja wa ndege mpaka uwanja wa mpira, na vizuizi vilivyopo katikati.

KILA TIMU INA SAFARI

Ishu hii siyo ya Simba na Yanga tu. Msimu wa 2025/26 Tanzania imeingiza timu nne makundi ya CAF, na zote nne zimekutana na Kaskazini. Yanga imewekwa na Al Ahly, AS FAR na JS Kabylie. Simba imepewa Esperance, Azam ikapewa Wydad, Singida Black Stars ikapewa CR Belouizdad. Juu ya hapo Taifa Stars ilikuwa Moroko kwenye AFCON, ikavuka makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake, kabla ya kutolewa na wenyeji kwa bao 1-0.

Kwa maneno mengine, kwenda Kaskazini sasa ni ratiba ya kawaida. Shabiki anapaswa kuijua njia kama anavyoijua ya Mkwakwani.

TRENI IPO, LAKINI SIYO KILA MAHALI

Moroko ina treni ya mwendokasi, Al Boraq, iliyoanza mwaka 2018. Inafika kilomita 320 kwa saa. Casablanca hadi Tangier ni saa mbili na dakika kama kumi. Mgeni akisikia hivyo anadhani nchi nzima ni hivyo. Hapana. Al Boraq inapita Casablanca, Rabat, Kenitra na Tangier tu. Reli ya kasi ya kwenda Marrakech bado inajengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia 2030.

AFCON ilichezwa miji sita: Rabat, Casablanca, Tangier, Fez, Marrakech na Agadir. Stars ilianza na Nigeria pale Fez, kisha ikahamia Rabat kucheza na Uganda na Tunisia. Shabiki aliyeifuata alitumia treni ya kawaida kati ya miji hiyo miwili, safari ya saa kama tatu hivi. Hiyo ilikuwa bahati. Kama kundi lingeangukia Agadir, hakuna reli kabisa. Huko ni basi, na kampuni zinazojulikana ni CTM na Supratours.

Berkane ndiyo mbali zaidi. Iko mashariki, karibu na mpaka wa Algeria, na haina stesheni. Kutoka Casablanca treni ya Oujda ni safari ya usiku kucha, halafu unatafuta gari la kilomita kama 60.

TEKSI NDOGO NA TEKSI KUBWA

Hapa ndipo wageni wengi wanaumia. Moroko kuna teksi ndogo na teksi kubwa, na kila moja ina sheria yake.

Teksi ndogo inabeba abiria watatu, haizidi. Mkiwa wanne, mnagawanyika magari mawili. Inatumia mita, usiku bei inapanda kwa nusu, na hairuhusiwi kutoka nje ya mji wake. Rangi ndiyo inayokuonyesha ya wapi: Rabat ni bluu, Casablanca ni nyekundu. Ukipanga chumba Salé kwa sababu ni nafuu, teksi ya bluu ya Rabat haikuvushi mto kukupeleka huko, ingawa unaiona Salé ng'ambo. Unatakiwa kupanda tramu au teksi kubwa.

Teksi kubwa ndiyo inayotoka mji hadi mji. Mtu wa Muheza ataielewa haraka, maana ni kama Noah za kwetu: inasubiri ijae abiria sita ndipo iondoke. Una haraka? Lipia viti vilivyobaki. Hapo mita haipo, mnakubaliana bei kabla mlango haujafungwa.

Teksi za kuita kwa simu zipo, lakini zimekuwa na mvutano wa muda mrefu na madereva wa teksi za kawaida. Mgeni anayetoka mpirani saa sita usiku asiweke matumaini yake yote huko.

MPAKA ULIOFUNGWA

Mfano wa Yanga ndio unaofundisha zaidi. AS FAR wako Rabat, Moroko. JS Kabylie wako Tizi Ouzou, kama kilomita 100 mashariki ya Algiers. Kwenye ramani nchi hizi ni majirani. Shabiki anaweza kujiambia atapanda basi kama mtu anavyotoka Tanga, akapita Horohoro na kuibukia Mombasa.

Asijaribu. Mpaka wa ardhini wa Moroko na Algeria umefungwa tangu 1994. Mwaka 2021 Algeria ilivunja uhusiano wa kibalozi, kisha ikazifungia anga ndege za Moroko. Anayetaka kutoka Rabat kwenda Algiers anazunguka Tunis au Ulaya. Na viza ya nchi moja haikuingizi nyingine.

Mpira wenyewe umeumia. Januari 2023 Moroko, waliokuwa mabingwa watetezi, hawakwenda CHAN ya Algeria kwa sababu walinyimwa ruhusa ya kuruka moja kwa moja kutoka Rabat hadi Constantine. Kama timu ya taifa ilikwama, shabiki mwenye begi moja atafanya nini?

Kuna na la pesa. Dirhamu ya Moroko haitoki nje ovyo, kiwango kinachoruhusiwa kubebwa ni 2,000. Unabadilisha ukifika, na risiti unaitunza ili urudishe kilichobaki. Na kwa AFCON, tiketi peke yake haikufungua geti. Ilihitajika pia kitambulisho cha shabiki kilichoombwa kwenye programu ya Yalla.

ZAMU YETU 2027

Haya yote yanarudi kwetu mwaka 2027, Tanzania, Kenya na Uganda zitakapoandaa AFCON. Safari hii Mmoroko ndiye atakayesimama Dar akiuliza njia ya Arusha. SGR itamfikisha Dodoma, Arusha haifiki. Atabaki na ndege au basi la kutwa nzima, na vibao vya 50 kila kijiji. Muheza ilifikiwa na reli kutoka Tanga mwaka 1896, kabla Moroko haijawa chini ya Ufaransa. Leo anayekwenda mpirani Dar anategemea basi. Wenzetu wameunganisha miji yao mikubwa ya mpira, sisi bado tuna kazi.

Kabla ya hapo klabu na TFF zina jambo dogo la kufanya: ziuze safari nzima, siyo kuhamasisha watu tu. Viza iombwe kwa pamoja, basi lisubiri uwanja wa ndege, chumba kiwe upande sahihi wa mto, na gari la kurudi liwepo baada ya filimbi. Mashabiki hamsini waliopangiwa hivyo watafika wote jukwaani. Hamsini walioachwa kila mtu ajitafutie, nusu yao watasikiliza mpira redioni wakiwa stendi ya teksi.