Wakili Akizembea, Mdai
Mtu anauza ng'ombe, anaongeza mkopo wa chama, anamkabidhi wakili pesa za ploti, kisha miaka minne baadaye anabishiwa hodi na mwenye ardhi halisi. Wengi husema ni bahati mbaya. Nakataa. Tarehe 21 Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management kuhusu kiwanja cha ufukweni Nyali, Mombasa, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba hatimiliki peke yake haimkingi mnunuzi ikiwa ardhi yenyewe ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Basi kazi ya wakili haiishii kwenye kuandika mkataba. Akague daftari la ardhi, aulize ilitoka kwa nani hadi kwa nani, na kama ni shamba la kilimo, kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi kipatikane, maana bila hicho mauzo ni batili. Asipofanya hayo ukaumia, una dai. Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili itakusikiliza, na nidhamu ina baraza lake, lakini ukitaka hasara yako yote ilipwe, nenda mahakamani. Muda nao haukungoji: dai la uzembe kwa kawaida lina miaka 3, la kuvunja mkataba 6. Yule wa miaka minne huenda bado ana mlango huo wa pili. Ndugu msomaji, kama ndiwe, kachukue faili lako, risiti na barua zote, umwone wakili mwingine wiki hii.