Bunia: Koo la mtoto lisipotibiwa, moyo ndio hulipa

Mtoto akiumwa koo, wengi wetu hapa Bunia tunampa maji ya chumvi na kungoja. Mara nyingi anapona. Lakini kama ni bakteria iitwayo streptokoki na hakupewa dawa, wiki mbili ao tatu baadaye anaweza kupata homa na viungo kuvimba. Tunasema ni malaria, ao amerogwa. Kumbe kinga ya mwili wake imeanza kushambulia vali za moyo.

Walio hatarini zaidi ni watoto wa miaka 5 hadi 15, hasa pale watu wanapolala wakibanana, kama katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Kigonze.

Vali ikiharibika sana, hubaki upasuaji. Taasisi ya Moyo ya Uganda, Kampala, huufanya, lakini ni familia ngapi za Ituri zitamudu safari hiyo? Penisilini ni ya bei ndogo. Serikali ya jimbo na washirika wake wahakikishe haikosekani katika vituo vya afya vya mjini na kambini. Nasi wazazi, mtoto mwenye koo na homa tumpeleke mapema apimwe.