Saini Yangu, Maneno Yako?



Juzi kijana mmoja wa hapa Bofu, niliyemsimamia kazini miaka miwili, aliniletea barua pepe. Anaomba nafasi ya MBA ng'ambo na amenichagua nimpendekeze. Barua ya mapendekezo alishaiandika mwenyewe, kwa jina langu. "Kaka, najua huna nafasi. Wewe tia saini tu."

Sikumkasirikia. Sisi wakubwa ndio tuliowazoesha: ukimwomba bosi barua, anakwambia andika, nitasaini. Lakini sikusaini, na sababu yenyewe inatoka kwenye kazi yangu ya kutengeneza programu.

Cheti kina mahali pa kuulizia. Cha KCSE, rekodi yake iko KNEC. Ndiyo maana Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma iliweza kutangaza kwamba vyeti 2,067 vya watumishi vimebainika kuwa vya kughushi. Barua ya mapendekezo je? Haina rejista popote. Inasimama kwa neno la aliyeiandika, basi.

Vyuo vingi vya biashara vinajaribu kujikinga. Havipokei barua kutoka mkononi mwa mwombaji. Vinamtumia anayependekeza kiungo kwa barua pepe, ajaze mwenyewe. Ni vizuri, lakini hapo kinachohakikiwa ni mtumaji. Sisi tumekuwa na wazo la saini ya kidijitali tangu Diffie na Hellman walipolichapisha mwaka 1976. Saini hiyo inaonyesha ujumbe umetoka kwa nani na kwamba haukubadilishwa njiani. Haisemi kama ujumbe ni kweli. Stuxnet, kirusi kilichogunduliwa mwaka 2010, kilipita kwenye kompyuta za watu kikiwa na saini iliyotengenezwa kwa funguo za kampuni halali, funguo za wizi.

Barua ya kijana wangu ingekuwa hivyo hivyo: saini halali, maneno si yangu. Tena ilijaa "mchapakazi" na "kiongozi shupavu", sifa ambazo yeyote angeweza kupewa.

Tazama fomu ya GMAC, wenye mtihani wa GMAT, ambayo vyuo kadhaa huitumia. Inamuuliza anayependekeza: ni ushauri gani muhimu wa kumrekebisha uliowahi kumpa mtu huyu, na aliupokeaje? Jibu analo msimamizi aliyekuwapo.

Basi nikaandika mwenyewe. Nikataja usiku alioweka toleo jipya bila kuhifadhi nakala, mauzo ya siku nzima ya mteja yakapotea. Nilimkaripia. Wiki iliyofuata alikuwa ametengeneza programu ya kuhifadhi nakala kila saa, na akatufundisha sote kuitumia.

Nilipomwambia nimeitaja siku ile, alinyamaza kidogo. "Kaka, si wataninyima?" Huenda. Lakini wakinipigia simu, naweza kulieleza kila neno.

Kwa hiyo, mdogo wangu unayeomba chuo: usihangaike kutafuta saini ya mheshimiwa asiyekujua. Mwendee aliyekuona ukifanya kazi. Akikwambia "andika, nitasaini", mpelekee orodha ya kazi mlizofanya pamoja, na tarehe zake, umwombe aandike mwenyewe. Na wewe bosi, kama huna la kusema juu ya mtu, mwambie mapema atafute mwingine.

Majibu ya kijana wangu bado. Tunasubiri naye.