Matabibu na Wauguzi Wafundishwe Pamoja

Kipindupindu hakimsubiri mtu. Mgonjwa aliyeanza kuhara alfajiri katika kijiji cha mwambao wa Ziwa Nyasa aweza kufa kabla ya jua kutua, iwapo maji yaliyomtoka hayakurudishwa mwilini upesi. Wilayani Kyela, ambako mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hufurika wakati wa masika, hatari hiyo si ngeni.

Kumwokoa mgonjwa huyo si kazi ya mtu mmoja. Tabibu hupima upungufu wa maji. Muuguzi hutundika dripu na kuandika kiasi kilichoingia. Mtaalamu wa maabara huchunguza choo. Bwana afya hukitafuta kisima kilicholeta maradhi. Hata hivyo, mara nyingi wote hao hufundishwa mbalimbali, wakaja kukutana mbele ya mgonjwa. Wasipoelewana hapo, anayelipa ni mgonjwa.

Ndiyo maana mafunzo ya mgonjwa wa kuigizwa kwenye kompyuta yanastahili kupewa uzito. Fikra hii si mpya. Mwaka 1971 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walikwisha kuieleza programu ya namna hiyo. Mwanafunzi huuliza maswali, huagiza vipimo, huamua tiba na kuona matokeo. Akikosea, hakuna anayezikwa. Husahihishwa, akaanza upya.

Faida ya kujizoeza kwa kuigiza imekwisha kuonekana nchini. Katika hospitali 8, watumishi walijizoeza kwa mwanasesere namna ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba vifo vya watoto hao katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47.

Lakini kumketisha kila mwanafunzi peke yake mbele ya kompyuta ni kurudia utengano ule ule. Shirika la Afya Duniani lilihimiza mwaka 2010 kwamba wanafunzi wa fani mbalimbali za afya wajifunze pamoja. Basi vyuo viwaketishe pamoja mbele ya mgonjwa mmoja, naye aseme Kiswahili, atoke Kajunjumele au Matema, wala si Chicago. Programu yenyewe ifanye kazi hata pasipo intaneti.

Kompyuta haitachukua nafasi ya wodi, kwani ngozi iliyosinyaa hujulikana kwa mkono. Kazi yake ni kuwafikisha wanafunzi wodini wakiwa wamekwisha kuzoeana. Kidole kimoja hakivunji chawa.